Kibati Kilichotoka Peke Yake

Utani wenyewe ulikuwa mfupi, na nitausema mara moja tu.

Nilikuwa nauweka akiba mpaka mwisho wa ziara. Kwanza niliwapandisha wageni juu ya ukuta wa bwawa, nikawaonyesha maji upande mmoja na korongo upande wa pili, nikawaambia kwamba wamesimama juu ya kimo cha nyumba ya ghorofa arobaini. Niliwaeleza jinsi mto ulivyodanganywa. Huwezi kujenga ukuta ndani ya mto unaopita, kwa hiyo walianza kwa kuutoboa mlima. Mto ukapitishwa tumboni mwa mlima kwa miaka mitano, na huku nyuma, kitandani pake palipobaki pakavu, zege likapandishwa tabaka juu ya tabaka. Niliwaambia kwamba zege likiwa bichi hutoa joto kama mgonjwa wa homa, na kwamba ukuta mnene namna hii ungeachwa upoe wenyewe ungechukua miaka mingi mno, na zaidi ya hayo ungepasuka. Ndiyo maana walilaza mabomba ya maji baridi ndani kwa ndani. Wageni hupenda habari ya mabomba. Wengine hugusa ukuta, kama wanaopima homa ya mtoto.

Kisha tulishuka kwa lifti hadi kwenye mitambo ya kufua umeme, ambako hakuna anayemsikia mwenzake, na mwisho nikawapeleka kwenye handaki lile la kuchepushia mto. Siku hizi limezibwa upande wa juu, na sehemu iliyobaki ni njia ya magari ya matengenezo. Mita mia mbili kutoka mlangoni, mkono wa kushoto, mwamba wenye mikwaruzo unakatika ghafla, na mahali pake pana kipande cha ukuta laini wa zege kilichopakwa chokaa. Taa mbili zinapiga hapo. Sisi waongozaji tunapaita Ukuta wa Picha. Kando yake umetundikwa ubao wa zamani wa vibati vya namba za wafanyakazi, na juu ya ubao kuna bango la chuma: HANDAKI HILI LILICHIMBWA BILA KUPOTEZA MAISHA YA MTU HATA MMOJA.

Hapo ndipo nilipokohoa kidogo, nikasema:

"Hakufa mtu, mabibi na mabwana. Lakini alipotea mmoja! Kibati chake hiki hapa, namba mia mbili kumi na mbili. Siku moja aliliona joto, akaliona vumbi, akamsikia nyapara anavyobweka, akasema potelea mbali. Akatimua mbio hata viatu vyake akavisahau rafuni. Wenzake wakamwita Bwana Mbio. Mpaka leo hajasimama. Mkikutana naye njiani mwambieni arudi, viatu vyake bado vinamsubiri."

Handaki lina mwangwi. Watu ishirini wakicheka, wanacheka kama mia. Halafu niliwapanga kwenye ule ukuta mweupe, wafupi mbele, warefu nyuma, migongo kwenye zege, nikawapiga picha.

Miaka sita, makundi mawili kwa siku.

Utani huo niliurithi. Baba yangu alikuwa karani wa ubao handaki lilipokuwa linachimbwa, na mpaka leo mtaani wanamwita Mzee Ubao. Kazi yake ilikuwa kukaa kwenye kidirisha mdomoni mwa handaki. Kila mfanyakazi alikuwa na kibati cha shaba chenye namba yake. Akiingia, kibati kinatundikwa upande wa NDANI. Akitoka, anakichukua mwenyewe, anamkabidhi karani mkononi, karani anamtazama usoni, kisha anakitundika upande wa NJE. Upande wa ndani ukibaki kulabu tupu, karani anaandika kikaratasi, "Handaki tupu," anampa fundi baruti, na mwamba unalipuliwa. Kazi ya macho na mkono, alikuwa akisema baba. Nilikua nikiusikia utani wa Bwana Mbio kila tulipopata wageni nyumbani, na nilipoajiriwa bwawani nilijiona nina bahati. Waongozaji wenzangu walisoma kwenye vijitabu. Mimi nilinyonya.

Jumatano ile walikuja washonaji wa chama kimoja, wanawake kumi na wanane, wamevaa vizuri kuliko kundi lolote nililowahi kulipokea. Walicheka tangu juu mpaka chini. Nilipofika kwa Bwana Mbio, mmoja alishika kiuno akaegemea ukuta machozi yakimtoka.

Mmoja hakucheka. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini hivi, mvi mbele, gauni la kahawia lililomkaa kama limechorwa.

"Fundi, mbona umenuna?" mwenzake alimchokoza. "Cheka basi, kicheko hakina kodi."

Wenzake walipoanza kurudi nje kwenye basi lao, yeye alibaki.

"Binti," aliniita. "Namba umesema ngapi?"

"Mia mbili kumi na mbili, mama."

"Hebu rudia."

Nikarudia. Alifungua mkoba, akatoa kitu kilichofungwa ndani ya mfuko wa nailoni, na ndani ya mfuko kitambaa, na ndani ya kitambaa kadi ya mshahara ya kampuni, ya zamani, imekuwa laini kama ngozi ya sikio. Picha ilikuwa imefifia, lakini namba ilisomeka.

"Huyu ndiye Bwana Mbio wenu," alisema. "Mimi ni kifungua mimba wake."

Niliisoma namba ile, kisha nikaitazama ya kwenye kibati.

Hakupandisha sauti. Alinieleza kama mtu anayesoma vipimo vya mteja. Alikuwa na miaka sita. Mama yake alisubiri wiki tatu, kisha akambeba mdogo wake mgongoni, akamshika yeye mkono, wakaja mpaka kwenye kidirisha. Karani akawaonyesha ubao: namba hii hapa, upande wa nje, mumeo ametoka, mama, tafuta kwingine. Yeye alipoanza kulia, karani alimpa kipande cha chaki. Wakarudi. Nyumba yao ikaitwa Kwa Mtoro. Shuleni yeye na mdogo wake wakawa watoto wa mtoro. Wakwe walimwambia mama yake kwamba mwanamume hakimbii nyumba yenye mke mwema.

"Ana karibu miaka themanini sasa. Hajawahi kukaa eda, kwa sababu nani amekufa? Hajawahi kuolewa tena, kwa sababu nani amemwacha? Mwezi uliopita alinishika mkono akaniambia, 'Nenda ukaulize kabla sijafa. Mimi ni mjane, au ni mke aliyekimbiwa?' Ndipo nikajiunga na safari hii."

"Pole, mama."

"Usinipe pole. Nijibu." Aliutazama ubao. "Mimi ni fundi cherehani, sijui miamba. Lakini mtu akitoka humu zamu imekwisha, anavua nini kwanza?"

"Buti za mpira."

"Halafu?"



"Halafu anavaa viatu vyake," alijijibu. "Sasa baba yangu alitimua mbio na buti za mpira za kampuni, barabarani, juani, akaacha rafuni viatu vya ngozi alivyovishona mwenyewe soli mara mbili. Umewahi kukimbia na buti za mpira, binti?"

Miaka sita. Jawabu nilikuwa nalo mdomoni kila siku, mara mbili, na nikilitema kama kichekesho. Uso ulinishuka mpaka nikahisi kofia ngumu inanielemea.

"Kuna mzee mmoja," nilisema, "ndiye aliyekuwa karani wa ubao. Yuko hai. Nitamuuliza."

"Unamjua?"

"Namjua."

"Ni mtu wako?"

Swali rahisi kama hilo. Lilitaka neno moja.

"Ni jirani," nikasema.

Alinitazama usoni. Kisha akakunja kadi yake ndani ya kitambaa, na kitambaa ndani ya nailoni. "Wenzangu wanarudi leo. Mimi nitalala kwenye nyumba ya wageni ya stendi. Basi langu ni saa nne asubuhi. Sikuja kugombana na mtu. Mama yangu anataka neno. Likiwa chungu atalimeza, ana meno ya kutosha."

Nilifika nyumbani jua bado lipo. Baba alikuwa amechuchumaa uani anatengeneza bomba. Alikuwa amekata mpira mwembamba kutoka kwenye tairi la ndani la baiskeli, na anaupachika kwa kidole gumba. Tangu mama afariki tunaishi wawili, katika nyumba ileile ya vyumba viwili aliyopewa enzi za ujenzi. Ukutani sebuleni kuna vitu viwili: cheti chake cha kazi bila ajali, kilichokuja pamoja na saa ya mkononi ambayo haijawahi kuvuka siku bila kutiwa ufunguo, na picha yetu sisi wawili, siku yangu ya kwanza kazini.

"Aa, mama mwongozaji!" alisema bila kugeuka. "Leo wamekufa wangapi kwa kicheko?"

"Baba, Bwana Mbio alikuwa na mtoto?"

"Mkimbizi hakosi mtoto. Pengine kila kituo mmoja." Akacheka peke yake. "Nipe hiyo spana."

Sikumpa. "Amekuja leo. Ni mwanamke mzima. Ana kadi ya baba yake."

Mikono yake ilisimama kwenye bomba.

"Anasema walikuja kidirishani na mama yake. Karani alimpa kipande cha chaki."

Maji yalikuwa yanadondoka ndani ya ndoo. Niliyahesabu mpaka kumi na nne.

"Nilidhani atanyamaza akipata kitu cha kushika," baba alisema. "Na alinyamaza."

Aliketi chini, uani, kwenye matope aliyoyafanya mwenyewe. Baba yangu, ambaye hukagua kiti kwa kitambaa kabla ya kukaa. Nikajua nimeshajibiwa. Lakini nilitaka aseme.

"Palikuwa na mtindo," alianza. "Kila mtu aliujua. Zamu ikiisha, watu mia moja na thelathini wanataka kidirisha kimoja kwa wakati mmoja, na nje gari linapiga honi. Basi nyapara anakusanya vibati vya kikosi chake chote anavileta mkononi. Tuliita kubeba. 'Leo nani anabeba?' Sheria ilisema uso mmoja kibati kimoja. Lakini sheria ilikuwa ofisini, na foleni ilikuwa kwangu."

"Na siku ile?"

"Nyapara wa kikosi cha pili alileta sita."

"Walikuwa watu wangapi nyuma yake?"

Alianza kuubinyabinya mpira.

"Baba. Uliwahesabu?"

"Mimi nilikuwa nahesabu kila kitu. Nahesabu ngazi. Nahesabu punje za mahindi." Aliutazama mpira mkononi. "Watano. Niliona watano. Nikamwambia nyapara, 'Huyu mwingine yuko wapi?' Akasema, 'Mia mbili kumi na mbili? Amekwenda chooni, ana homa tangu asubuhi. Andika bwana, gari linatuacha.' Nikaandika."

"Handaki tupu."

"Handaki tupu. Kwa mwandiko mzuri."

Palikuwa na kichochoro pembeni, aliniambia, walichokichimba mwanzoni ili kupima mwamba, wakakiacha. Kulikuwa na ubaridi humo. Mtu mwenye homa angependa kujilaza. Baruti ilipopigwa, paa la kichochoro liliporomoka lote. Hakuna aliyeshtuka, kwa kuwa kichochoro hakikuwa na kazi tena. Asubuhi yake mhandisi alikikagua kwa tochi akaamuru kijazwe zege, mwamba usije ukaendelea kudondoka.

"Kujaza kulichukua siku mbili," baba alisema. "Mhandisi alipita kidirishani akaniuliza, 'Karani, watu wako wote wapo?' Nikamwonyesha ubao. Nilishaviona viatu rafuni, mwanangu. Nilikuwa nimeviona saa moja na nusu asubuhi. Ningeweza kusema Jumatatu. Ningeweza kusema Jumanne. Jumanne jioni pampu ilizimwa na pakawa kimya, na mimi nikashukuru. Hilo ndilo sijawahi kulisema hata kwa mama yako. Nilishukuru."

"Viatu viko wapi?"

"Nilivifukia nyuma ya stoo. Kutupa sikuweza."

"Na utani?"

"Wenzake walianza kuuliza. Nikatafuta kitu cha kuwafanya wasiulize. Mtu akicheka hahesabu." Aliinua macho kidogo. "Ulikuwa utani mzuri. Ulinitoka tu. Hata mimi nilicheka."

Wahenga walisema mzaha mzaha hutumbua usaha. Hawakusema usaha huo utamrukia nani.

"Ule ukuta mweupe," nilisema. "Ndio pale?"

"Ndio pale."

"Ninapowasimamisha watu. Wanaegemea."

"Ndiyo."

"Siku yangu ya kwanza ulikuja. Nikakusimamisha pale. Picha iko sebuleni, baba, tumeitundika! Umetabasamu!"

"Uliniambia nitabasamu," alisema.

Niliingia ndani kwa sababu sikutaka anione. Nilisimama mbele ya picha ile. Mimi nimevaa sare mpya, yeye ana saa yake, mkono wake mmoja begani kwangu na mwingine umelalia ukuta, vidole vimetandazwa. Siku zote nilidhani anajishikilia. Nilitaka kuing'oa, nikashindwa, nikaigeuza tu uso kwa ukuta, kama mtoto aliyeadhibiwa.

Nilipotoka alikuwa bado chini.

"Kesho saa nne basi lake linaondoka," nilimwambia. "Mama yake anataka kujua kama ni mjane."

"Nyapara ameshakufa. Fundi baruti ameshakufa. Nimebaki peke yangu, na wewe ndiye unayekuja kunichimba?"

"Nani mwingine achimbe?"

"Mtaa mzima utaniona muuaji. Wataniita nani? Na wewe watakuita mtoto wa nani?" Alipangusa tope kwenye suruali, akazidi kulipaka. "Mwambie karani ameshasahau. Wazee husahau. Kwani ulimwambia mimi ni nani?"

Nilihisi masikio yanawaka.

"Nilimwambia ni jirani."

Nilitarajia akasirike. Aliitikia kwa kichwa taratibu, kama mwalimu aliyepata jibu sahihi kwa mwanafunzi asiyemtegemea.

"Basi sasa unajua linavyoanza," alisema. "Ni neno dogo tu, na foleni iko nyuma yako."

Tulikula chakula cha usiku. Aliliacha bomba likidondoka.

Asubuhi nilimkuta amekaa mlangoni, amenyoa, amevaa shati jeupe la misibani. Tulitembea mpaka stendi, yeye hatua moja nyuma yangu, mzee ambaye maisha yangu yote alinitangulia.

Mshonaji alikuwa nje ya nyumba ya wageni, begi miguuni. Alimtazama baba, kisha akanitazama mimi.

"Shikamoo, mama," nilisema. "Huyu ndiye karani. Na jana nilikudanganya. Si jirani, ni baba yangu."

"Marahaba. Mna paji moja la uso," alisema. "Niliona jana. Nilikuwa nangoja uniambie."

Baba alinigeukia. Nikaanza kumsaidia, "Mama, siku ile kulikuwa na—"

"Mwache," mshonaji alinikatiza. "Wewe hukuwa kidirishani."

Basi baba akasema, pale kando ya stendi, wapiga debe wakipita na kuita abiria. Alisema vibaya, bila mpangilio, akaanza na zege akarudi kwenye homa. Mtu aliyesimulia uongo mmoja kwa ufundi miaka arobaini na minne hakuwa na ufundi wowote wa kusema kweli. Mshonaji hakumkatiza. Alipomaliza alimuuliza mambo mawili.

"Vibati vilikuwa vingapi?"

"Sita."

"Watu?"

"Watano."

Aliitikia kwa kichwa. Baba akaanza kuvua saa mkononi, vidole vikigombana na mkanda. "Hii nilipewa kwa sababu… chukua, tafadhali. Naomba unisamehe."

"Saa niifanyie nini? Vaa." Sauti yake kwa mara ya kwanza ilikwaruza. "Na msamaha usiniombe mimi. Mwenyewe yuko nyumbani, anangoja. Nipelekeni kwanza nikamwone baba."

Mlinzi alitufungulia kabla ya saa ya wageni, kwa kuwa alimheshimu Mzee Ubao. Hilo nalo lilinichoma. Baba alitembea handakini akishika mwamba. Tulipofika kwenye ukuta mweupe mshonaji alisimama mbele yake, mikono imening'inia. Nilidhani atalia au atapiga kelele. Aliinama akafungua begi, akatoa futi yake, ule utepe wa njano wa kupimia nguo.

"Mama ataniuliza kaburi lina ukubwa gani," alisema. Akamnyooshea baba ncha ya futi. "Shika hapo."

Baba akashika. Akaibana kwenye zege kwa kidole gumba, pale mwamba unapoishia, na mwanamke akatembea taratibu na futi mpaka ikamwishia, akaweka alama kwa chaki ya buluu ya kushonea, wakasogea, wakapima tena. Kimo alikipima mpaka mkono wake ulipofika, na palipobaki alikisia kwa jicho. Hawakuzungumza isipokuwa, "Vuta," na, "Hapo hapo." Mimi niliandika vipimo kwenye daftari lake. Mwandiko wangu ni mzuri. Nimerithi.

Kisha nikaenda kwenye ubao nikakitoa kibati mia mbili kumi na mbili kwenye kulabu. Ni mali ya maonyesho, na kina namba kwenye orodha ya meneja. Nilimpa. Alikifunga pamoja na kadi, kitambaani, ndani ya nailoni.

"Twende," alimwambia baba. "Basi halitungoji."

"Mimi?" Baba alinitazama. "Pengine binti yangu angekwenda na wewe. Yeye anajua kusema."

"Anajua sana, nilimsikia jana." Hakusema kwa ukali, na afadhali angesema kwa ukali. "Mama yangu alijibiwa na wewe. Utakwenda umjibu tena. Utamwambia sita, halafu utamwambia watano. Baadaye akikupa maji utakunywa, asipokupa utarudi na kiu yako."

Saa nne basi liliondoka. Baba alikaa dirishani, mshonaji karibu na njia, begi katikati yao. Baba alikuwa hana hata nguo ya kubadilisha. Hakunipungia. Alikuwa akiutazama mkono wake wa saa, na sijui kama alikuwa anaangalia saa au mkono.

Nilirudi kazini nimechelewa. Kundi la kwanza lilikuwa limeshafika, wanafunzi arobaini na mwalimu wao, mwanamume mcheshi ambaye huja kila mwaka. Niliwapandisha juu, nikawaonyesha maji na korongo. Nilieleza mto, nikaeleza zege, nikaeleza mabomba. Sauti yangu ilifanya kazi bila mimi. Tuliposhuka handakini, watoto walikimbilia ukuta mweupe bila kuambiwa, wakajipanga, wafupi mbele, mmoja ameukanyaga kwa kiatu. Alama za chaki za asubuhi zilikuwa bado zinaonekana kati ya migongo yao.

"Dada," mwalimu aliita, simu tayari mkononi, "kabla ya picha, wape ile ya Bwana Mbio! Nimewaahidi njia nzima."

Watoto wakanyamaza, nyuso zimeshajiandaa kucheka. Nilikohoa, kwa mazoea. Juu ya ubao bango lilikuwa linang'aa, na chini yake kulabu moja ilikuwa tupu.

"Handaki hili liliua mtu," nilisema. "Namba yake ilikuwa mia mbili kumi na mbili. Hakukimbia. Alikuwa mgonjwa akajilaza, na karani wa ubao akaandika kwamba ametoka. Karani huyo ni baba yangu. Na mimi, kwa miaka sita, nimekuwa nikiwachekesha watu juu yake."

Mwangwi uliyarudisha maneno, nikayasikia mara ya pili. Mwalimu alishusha simu. Msichana mmoja wa mstari wa mbele, kibwenzi kimemwangukia jichoni, akanyoosha mkono kama yuko darasani.

"Sasa yuko wapi?"

Sikuhitaji kuonyesha. Alifuata macho yangu, akageuka. Kisha waliokuwa wameegemea wakaanza kuondoa migongo yao ukutani, mmoja mmoja, taratibu, na yule aliyekuwa ameukanyaga akainama akafuta alama ya kiatu chake kwa mkono wa sare.